Moto Haurekebishi Kilichoharibika Usiku

Leo katika safu yetu ya afya na usafi tuzungumze juu ya chai ya asubuhi, na hasa juu ya mikate midogo ya kujaza inayokandwa kwa mtindi. Wenzetu wa kusini mwa Marekani wana mikate ya namna hii tangu zamani, laini, isiyotiwa hamira, na huila asubuhi. Siku hizi baadhi ya dada zetu hapa Kizimkazi wamejifunza kuipika kupitia simu zao, wakaifanya yetu kwa kuijaza samaki, kima au viazi, na wengine huiuza pamoja na sambusa, chapati na vitumbua.

Kwa upande wangu naiunga mkono mikate hii. Inaokwa, haizami katika mafuta, na aliyepata mmoja na kikombe cha chai ameondoka na kitu tumboni. Ninachokipinga ni kauli moja inayosikika katika kila jiko kuanzia Dimbani hadi Mkunguni: "Tupike leo usiku, asubuhi tutapasha moto." Wengi wetu tunaamini kwamba moto unaua kila kitu, kwa hiyo chakula kilicholala kikichemka tena kinarudi kuwa kizima. Imani hiyo si sahihi, na wanaolipa gharama yake mara nyingi ni watoto.

MIKATE YENYEWE

Kwanza tuielewe mikate. Chukua vikombe vitatu vya unga wa ngano, vijiko vitatu vya chai vya beking pauda na nusu kijiko cha chumvi, uchanganye vikiwa vikavu. Tia vijiko vitano vya chakula vya samli iliyoganda na uifikiche kwa ncha za vidole mpaka unga uwe kama chenga. Kisha mimina kikombe kimoja cha mtindi, au kimoja na robo ukiona unga bado mkavu, na uukusanye bila kuukanda sana, kwani ukikandwa mno mkate huwa mgumu. Kata madonge kumi, yatandaze, tia kijiko kimoja cha mjazo katikati, funga na uoke.

Mkate huu huumuka kwa sababu ukali wa mtindi hukutana na beking pauda na kutoa hewa papo hapo. Ndiyo maana unga wake haufai kulazwa, kwani hewa itakuwa imekwisha toka. Mpishi hulazimika kuuchanganya asubuhi. Basi unga hupikwa ukiwa mpya, lakini kinachotiwa ndani yake kimelala usiku kucha katika sufuria. Hapo ndipo penye tatizo.

TUHESABU SAA

Hebu ndugu msomaji tuhesabu pamoja. Tuchukulie jodari amevuliwa saa 12 asubuhi. Chombo kimefika pwani saa 4, samaki amenadiwa, amekatwa vipande na kufika nyumbani saa 8 mchana bila ya barafu. Mama ana shughuli nyingine, kwa hiyo samaki amechemshwa na kukaangwa na vitunguu saa 2 usiku. Mpaka hapo zimepita saa 14. Sufuria imefunikwa ikaachwa jikoni. Saa 10 alfajiri mjazo umetiwa katika mikate na kuokwa, mikate ikapangwa ikiwa ya moto katika ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Mtoto ameununua na kuula wakati wa mapumziko ya skuli, saa 4. Zimepita saa nyingine 14.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa Funguo Tano za chakula salama mwaka 2001: usafi, kutenganisha kibichi na kilichopikwa, kupika mpaka ndani, kuweka chakula katika joto salama, na kutumia maji na vyakula salama. Katika ufunguo wa nne linasema chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida zaidi ya saa 2. Kiwekwe katika baridi chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, au kiendelee kuwa cha moto zaidi ya nyuzi 60. Usiku wetu wa pwani upo katikati ya namba hizo, pahala ambapo vijidudu hustawi. Saa 2 na saa 14 ni mbali sana.

KITU GANI MOTO HAUWEZI

Ni kweli kwamba moto unaua vijidudu vingi. Lakini vijidudu vikipata nafasi ya kuzaana huacha sumu ndani ya chakula, na baadhi ya sumu hizo haziondoki kwa kuchemsha. Ni sawa na mwizi aliyekwisha kimbia: unaweza kumkamata, lakini alichokivunja kimevunjika.

Tuanze na samaki. Jodari, sehewa na vibua wakikaa katika joto, bakteria hubadilisha sehemu ya nyama yao kuwa kitu kiitwacho histamini. Histamini haiondoki kwa kuchemshwa, kukaangwa, kuokwa wala kugandishwa. Aliyeila huweza kuona dalili ndani ya dakika chache hadi saa moja au mbili: uso kuwa mwekundu na wa moto, kichwa kuuma, moyo kwenda mbio, mwili kuwasha na kutoka vipele, tumbo kuharisha. Wengi hudhani wana mzio wa samaki, na wapo wanaoacha kabisa kula samaki kwa miaka, wakati pengine kosa lilikuwa ni jodari aliyekosa barafu. Wengine husema ni jicho la mtu. Tabibu akiuliza, "Umekula nini, na samaki alitoka baharini lini?" mara nyingi jawabu hupatikana hapo hapo.

Pili, kuna bakteria waitwao stafilokokasi. Hawa hukaa puani, kooni na katika vidonda vya mikono. Mpishi mwenye kidole kilichotunga usaha anapoichambua nyama iliyokwisha iva huwatia bila kujua, nao usiku hutengeneza sumu inayostahimili kuchemshwa. Kutapika huanza kwa ghafla, mara nyingi kati ya nusu saa na saa 8 baada ya kula.

Tatu ni wale wanaojificha katika wali, viazi na nyama. Hawa wana mbegu ngumu ambazo hazifi kwa mchemko wa kawaida. Sufuria inapopoa polepole, mbegu huchipua. Kadiri sufuria ilivyo kubwa na kadiri ilivyojaa, ndivyo katikati yake inavyochelewa kupoa.

MTINDI NA MIKONO

Ama kuhusu mtindi, wako wanaouacha maziwa mabichi yakagande yenyewe bila kuchemshwa. Maziwa mabichi ya ng'ombe au mbuzi yanaweza kubeba bruselosisi, ugonjwa wa homa zinazokwenda na kurudi, jasho na maumivu ya viungo, na hata kifua kikuu cha ng'ombe. Ukali wa mtindi si dhamana ya kuviua vijidudu hivyo. Mkate ukiiva sawasawa hautakuwa na tatizo hilo, lakini mtindi uliobaki katika bakuli nani ataunywa? Ni mtoto aliyekaa pembeni ya jiko. Basi chemsha maziwa kwanza, yaache yapoe, kisha tia kijiko cha mtindi wa jana uliotokana na maziwa yaliyochemshwa, ufunike ugande.

Na mikono je? Wengi wa mama zetu huanza kukanda mara tu baada ya sala ya Alfajiri, na husema, "Mikono yangu ina udhu." Ndugu zangu, sote tuliopita chuoni tunajua thamani ya udhu. Lakini udhu ni tahara kwa ajili ya ibada, na mafuta ya samaki chini ya kucha yanataka sabuni. Hakuna mgongano kati ya mawili haya. Tia udhu kwa ajili ya sala yako, kisha osha mikono kwa sabuni na maji yanayomiminika kwa ajili ya mkate wa mtoto wa mwenzio. Na mwenye kidonda mkononi akifunge vizuri au amwachie mwingine kazi ya kujaza.

Vilevile tulifundishwa adabu ya kufunika vyombo usiku, nayo imo katika Hadithi zilizopokewa na Imam Bukhari na Imam Muslim. Kawa juu ya sinia huzuia nzi, mende na panya, na hiyo ni kinga kubwa. Lakini kawa halipoozi chakula. Kufunika ni jambo moja na kupooza ni jambo jingine, na chakula kinataka yote mawili.

TUFANYE NINI?

Sisemi dada zetu waache kuuza. Mwaka 2016, kipindupindu kilipotusumbua, biashara ya vyakula vya wazi ilizuiwa Zanzibar, na kila mmoja aliona familia nyingi zinategemea sinia la asubuhi. Kumfundisha muuzaji kabla ya mlipuko ni nafuu kuliko kumzuia baada yake. Nashauri haya:

1. Chagua mjazo usiohitaji kulala. Tende zilizopondwa na iliki ni kavu na zina sukari nyingi, na haziharibiki upesi. Mayai yaliyokaangwa na vitunguu mpaka yakakauka hupikwa kwa dakika chache alfajiri hiyo hiyo. Samaki na kima viwe vya siku ambayo una baridi ya uhakika.

2. Ukilazimika kupika usiku, usiuache mjazo katika sufuria. Utandaze katika sinia pana, kimo cha vidole viwili, upoe haraka, uufunike na uutie katika friji kabla ya saa 2 kupita. Umeme ukikatika usiku kucha, usiutumie. Tusisahau kwamba kati ya Disemba 2009 na Machi 2010 Unguja ilikaa takriban miezi mitatu bila umeme. Friji ni neema, lakini si ahadi.

3. Oka mpaka ndani. Wanaopalia makaa juu ya mfuniko wa sufuria wajue kwamba mkate huwa mwekundu nje wakati katikati bado ni baridi, hasa ukitiwa mjazo mwingi uliotoka katika friji. Tia kijiko kimoja tu. Pasua mmoja kabla ya kutoa yote: uone mvuke, na unga usiwe mbichi kuzunguka mjazo.

4. Usiifungie mikate ya moto katika ndoo ya plastiki. Itatoka jasho na kubaki vuguvugu kwa muda mrefu. Ipange katika sinia safi, ifunike kwa kitambaa safi au kawa, na iuzwe asubuhi hiyo. Ya nyama na samaki iliyobaki isirudi sokoni jioni.

MZIGO SI WA MAMA PEKE YAKE

Nimeona kila tunapozungumzia usafi wa chakula tunamnyooshea kidole mpishi. Hata hivyo katika hesabu yetu ya saa 28, saa 8 za kwanza hazikuwa mikononi mwake. Mvuvi aliondoka pwani bila deli la barafu, mchuuzi akamweka samaki juani, na baba akapita barazani naye samaki kwenye ukili huku anazungumza. Kanuni inayofaa katika nchi za joto kama yetu ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, tangu anapotolewa majini. Barafu ina gharama, nakubali. Lakini wavuvi wakichangishana deli moja kwa chombo, wanahifadhi afya ya watu na bei ya samaki wao pia. Na baba anayenunua jodari saa 4 amfikishe nyumbani saa 4 na nusu.

Walimu wa skuli na wa chuo nao wana nafasi yao. Ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni karibu na pahala pa kuuzia vyakula si jambo kubwa.

Mwisho, akitokea mtu ameumwa baada ya kula, anayeharisha au kutapika apewe maji ya chumvichumvi: pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, kidogo kidogo na mara kwa mara. Ukikosa pakiti, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya bapa, katika lita hiyo moja. Mtoto mwenye kuharisha apewe pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kwa kipimo cha tabibu, na anayenyonya aendelee kunyonya. Mtoto aliyelegea, aliyeingia macho ndani, asiyekojoa au anayeharisha damu, na mtu yeyote anayeshindwa kupumua au kuvimba midomo, apelekwe kituo cha afya hapo hapo, si baada ya kusubiri kukuche.

Basi dada yangu, pika mikate yako ya mtindi, nasi tutainunua. Ila mtu akikuuliza mjazo umepikwa lini, usikasirike. Uwe na jawabu moja tu: "Leo, baada ya Alfajiri."