Rangi Si Pambo la Siku ya Wageni

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahenga walituachia maneno hayo, nasi tungependa kila afisa mwenye dhamana ya majengo ya umma ayakumbuke, awe Mwanza mjini au katika visiwa vyetu.

Msafiri atokaye Nansio, akiukaribia mji, huona kwanza miamba, kisha majengo marefu yaliyosimama kati ya vilima. Kwa mbali yanapendeza. Akishuka bandarini na kuingia mitaani, hukuta kwenye kuta kadha wa kadha michirizi myeusi ya kuvu, lipu iliyovimba, na rangi ambayo ukiipapasa huacha unga kiganjani. Hatutaji jengo wala ofisi, kwa maana kila mwenye macho anayajua yaliyo mtaani kwake.

Wako wanaodhani kwamba, kwa kuwa ziwa letu halina chumvi, kuta zetu zimesalimika na maradhi ya majengo ya Dar es Salaam na Unguja. Ni kweli kwamba chumvi ya bahari hatunayo. Lakini tunaishi karibu na Ikweta, zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, na jua la hapa huila rangi bila huruma. Mvua za vuli na masika husukumwa na upepo wa ziwani zikazipiga kuta ubavuni, na ghorofa za juu hazina mti wala jirani wa kuzikinga. Hata wadudu wadogo wa ziwani, watandao kama moshi, hunata kwenye rangi mbichi na kuiharibu kabla haijakauka.

Rangi ya nje, basi, ni koti la jengo. Koti likichanika, maji hupenya kwenye nyufa na kuzifikia nondo ndani ya zege. Nondo ikishika kutu huvimba, na ikivimba hulipasua zege lililoizunguka. Pande la lipu likidondoka kutoka ghorofa ya sita, halichagui kama apitaye chini ni mkubwa au mchuuzi wa karanga.

Mfano hauko mbali. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883, ilianguka sehemu yake mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, sehemu nyingine kubwa ikaporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo lile ni la zamani na ujenzi wake si kama wa maghorofa yetu, lakini fundisho ni moja: jengo hutoa onyo mapema, na anayechelewa kulisikia hulipa zaidi.

Linalotusikitisha ni desturi ya kupaka rangi kwa ajili ya ugeni. Wiki moja kabla ya kiongozi kufika, mafundi huitwa haraka. Hupakwa upande unaotazama barabara, tena kwa rangi ya ndani kwa sababu ni rahisi, juu ya ukuta ambao bado una unyevu. Mifereji ya paa iliyoziba haiguswi, wala nyufa hazizibwi. Wageni hupiga makofi na kuondoka. Masika ikija, malengelenge hutokea ukutani, na fedha ya wananchi huoshwa na mvua.

Tunajua kwamba bajeti ni finyu, na kwamba dawa na madawati huja kabla ya rangi. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini Taifa limeweza kujenga Daraja la Kigongo–Busisi la kilometa 3, lililofunguliwa Juni 2025. Taifa lenye uwezo wa kujenga haliwezi kukosa njia ya kutunza, na ni aibu kupata fedha za kujenga upya kile tulichokosa kukipaka rangi.

Ndugu zetu wa Ukerewe, Ukara na Kome wanalijua jambo hili vizuri zaidi. Kwao kila kopo la rangi na kila mfuko wa saruji huvuka maji kwa nauli. Shule au zahanati ya kisiwani ikiharibika, gharama yake si sawa na ya mjini. Kwa hiyo visiwa visiwe vya mwisho kukumbukwa.

Tunatoa wito kwa halmashauri, Wakala wa Majengo na mashirika yote yenye maghorofa. Kwanza, kila jengo liwe na fungu lake la matengenezo lisiloguswa kwa kazi nyingine. Pili, kuta zikaguliwe kila mwaka baada ya masika, na kazi ifanyike Juni hadi Agosti, ukuta ukiwa umekauka: mifereji kwanza, nyufa zifuate, kutu ikwanguliwe, ndipo rangi ya nje ipakwe. Tatu, fundi anayening'inia ghorofani apewe mkanda na jukwaa imara, kama Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inavyotaka.

Nao wananchi wasinyamaze. Wakiona ufa katika shule ya watoto wao, wautaje kwenye mkutano wa kijiji, na jina la aliyepokea taarifa liandikwe. Wageni watakuja na kuondoka. Sisi ndio tutakaobaki chini ya kuta hizi.