Nailoni ya bei nafuu inamtia hasara mkulima

Hakuna pigo kwa mkulima wa nyanya kama nailoni ya kitalu nyumba kuchanika wakati mkopo wa kuijengea haujalipwa. Wengi huulaumu upepo. Mara nyingi upepo humalizia tu kazi iliyoanzwa na jua.

Plastiki ni minyororo mirefu ya molekuli. Miale ya jua ya urujuanimno huikata minyororo hiyo, na oksijeni ya hewani huendeleza uharibifu. Nailoni hufifia, hukakamaa, kisha hupasuka. Huku kwetu karibu na ikweta, hasa nyanda za juu, miale hiyo ni mikali.

Kinga ipo. Mabomba meusi huchanganywa masizi laini, takriban asilimia 2 ya uzito. Nailoni angavu hutiwa kemikali maalumu kiwandani. Tatizo ni kwamba kemikali hiyo haionekani kwa macho, hivyo ni rahisi mkulima kuuziwa nailoni isiyo na kinga.

Tupige hesabu. Tuseme nailoni ya kawaida ni Sh 300,000 na inadumu mwaka mmoja; yenye kinga ni Sh 600,000 na inadumu miaka minne. Ya kwanza inakula Sh 300,000 kila mwaka, ya pili Sh 150,000. Ipi nafuu?

Mkulima, dai stakabadhi yenye unene na muda wa dhamana. Ukipuliza salfa, jua kwamba inadhoofisha kinga hiyo. Nawe mwenye duka, usianike marobota juani. Mali bila daftari hupotea bila habari.