MANENO YETU YASIWAFUNGIE WATOTO SHULE

Ndugu Wanachama,

Kuna maneno mawili tunayoyatupa ovyo karakanani na majumbani, nayo ni "punguani" na "taahira". Mtu akikosea kukaza nati huitwa punguani, sote tukacheka. Lakini kati yetu wako wenzetu wenye watoto wanaojifunza polepole kuliko wengine, nao husikia wakanyamaza.

Tutazame asili ya maneno hayo. Punguani latokana na kupungua. Maana yake mtoto huyo amehesabiwa kuwa si kamili, kama gunia la mahindi lililopungua kilo. Taahira latokana na Kiarabu, nalo ni la ukoo mmoja na kuahirisha, yaani kuchelewesha. Sasa mtu wa reli aniambie: treni ikichelewa, hutupwa? Hungojewa, na njia huachwa wazi. Basi neno lenyewe halikusema kwamba mtoto hafai; ni sisi tulioligeuza kuwa tusi.

Wengine husema kosa ni ile "ki" ya kipofu, kiziwi na kiwete, kwa kuwa ndiyo "ki" ya kiti na kisu, hivyo mtu amefanywa kitu. Mimi sikubali yote. Kiongozi na kijana wana "ki" hiyo hiyo, wala hawanung'uniki. Tena twasema kipofu amefika, hatusemi kimefika. Hata "mlemavu", neno linaloonekana kuwa la heshima zaidi, lina mzizi mmoja na kilema. Ubaya ni kumwita mtu kwa kasoro yake na hali ana jina lake.

Wala jambo hili si adabu tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa kwa namna isiyomdunisha, na pia haki ya kupata masomo. Haki hizo mbili zimewekwa mahali pamoja, na mimi naona zafaa kukaa pamoja: mzazi anayeona haya kwa sababu ya jina baya humficha mtoto nyumbani, na mtoto aliyefichwa haandikishwi shule.

Basi ndugu, tuyaache maneno hayo hata kwa mzaha. Na mwenzetu mwenye mtoto wa namna hiyo, tumwulize hali ya mtoto kwa jina lake, na akitaka mtu wa kufuatana naye shuleni kumwandikisha, tufuatane naye. Umoja wetu si wa mshahara peke yake.

Ni mimi,
Mfanyakazi wa Reli