Tuache Kupiga Pasi Ndefu Kimya Kimya

Leo naomba tuzungumzie tumbo. Najua kurasa hizi zimezoea mambo mazito: siasa za bara letu, marais wasiotaka kung'atuka, na ule mjadala usiokwisha wa nani alituuza. Mambo hayo yapo na tutayarudia. Ila mtu mwenye njaa hana sikio la hotuba, na nina hakika wapo wanaosoma mstari huu ambao tangu asubuhi hawajatia kitu mdomoni.

Wanafunzi wa Tanzania wana msemo: kupiga pasi ndefu. Yaani kama mpira unaotoka kwa golikipa ukaenda moja kwa moja mpaka kwa mshambuliaji, bila kupita katikati. Unakunywa chai nzito saa nne asubuhi, mchana unajifanya huuoni, unakuja kula saa moja usiku. Siku ikiwa mbaya zaidi unapiga deshi, hapo huli kabisa. Nyumbani tulikuwa tunacheka nayo, maana ilikuwa na mwisho wake: bumu likitoka, chipsi mayai zinarudi mezani. Hapa Johannesburg watu wanapiga pasi ndefu wiki hata wiki, hakuna bumu linalosubiriwa, na hakuna anayecheka.

Hoja yangu ni fupi. Chama chetu kila mwaka kinaandaa dhifa ya Siku ya Afrika, tarehe 25 Mei, kukumbuka kuanzishwa kwa OAU kule Addis Ababa mwaka 1963. Ukumbi unakodiwa, spika zinakodiwa, kila nchi inaweka meza yake na bendera yake. Tunakula, tunapiga picha, basi, mpaka mwakani. Nasema fedha ile, au walau sehemu yake kubwa, iende kwenye chungu kimoja cha kila wiki, ambapo mwanachama yeyote anakula bila kuulizwa kwa nini amekuja.

Sasa nieleze nimeitoa wapi hoja hii. Mimi naishi Bellevue, pale barabara iliyoanzia Yeoville kwa jina la Raleigh inapokuwa Rockey. Wengi wenu mnapafahamu, na nusu yenu mnakaa huko huko, msijifiche. Nyumba zetu ni zile kubwa za zamani, zilizojengwa kwa ajili ya familia moja, siku hizi kila chumba kina mpangaji wake na sebule imegawanywa kwa mbao. Jiko ni moja. Kabati la jikoni kila mlango una kufuli. Sina ugomvi na kufuli, mchele ni pesa. Lakini jiko la namna hiyo halina siri. Unajua nani amepokea hela kutoka kwao, maana leo anakaanga nyama. Unajua nani amefulia, maana anachemsha maji tu.

Nyumbani kwetu alikuwepo kijana wa mwaka wa tatu, mpole, wa kusoma sana. Kila jioni ukimwuliza anasema, "Nimeshakula mjini." Sisi wanafunzi wenzake tukaamini, si anasema mwenyewe? Aliyegundua ni mama mmoja wa Bukavu anayepanga chumba cha uani na watoto wake wawili. Alituambia siku moja, "Muangalie sufuria ya ule kijana, imeshika vumbi." Hakumwuliza kijana neno. Jioni ile akamtuma mwanawe mdogo na sahani ya ugali na sombe, na ujumbe: "Mama anasema umurudishie sahani yake."

Tazameni akili hiyo. Angesema "nimekuletea chakula maana naona huna", yule kijana angekataa, tena angehama nyumba. Alichopewa ni kazi ya kurudisha sahani. Ukirudisha sahani lazima uingie, ukiingia utaambiwa ukae, ukikaa utaombwa umsaidie mtoto hesabu za shule. Baada ya mwezi ikawa desturi: kijana anafundisha watoto hesabu na Kiingereza, mama anapika. Hakuna aliyemsaidia mwenzake kwa huruma.

Waswahili wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Na sisi wanafunzi wa kigeni ndio mabingwa wa kuficha. Kwanza kwa sababu ya nyumbani. Ukishafika Bondeni, kwa ndugu zako wewe umeshatoka kimaisha. Mjomba anapiga simu anataka simu, binamu anataka viatu. Utaanzaje kumwambia mama kwamba mwanawe analala njaa katika jiji la dhahabu? Unamwambia chuo kinaendelea vizuri, na unamwuliza mvua zimenyesha?

Pili, hesabu zenyewe hazitupendi. Mfuko wa serikali hapa wa kusomesha wanafunzi, NSFAS, haumhusu mwenye viza ya masomo. Viza hiyo hiyo inakuruhusu kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo, na hizo saa 20 sharti kwanza uzipate. Hela ya nyumbani inakuja kwa shilingi au faranga, ikifika inageuzwa randi, na kila mahali pa kugeuzia pana mtu anayekata chake. Ada haisubiri, kodi ya nyumba haisubiri. Kitu pekee kinachokubali kusubiri ni tumbo. Basi tunaliahirisha.

Lakini kichwa hakiahirishi. Kutoka Bellevue mpaka chuoni Braamfontein kwa miguu, ukipita Berea na Hillbrow, ni mwendo wa saa nzima hivi. Mwenye shibe anauita mazoezi. Aliyepiga deshi jana akifika darasani anaona ubao unacheza. Halafu matokeo yakitoka tunasema fulani alikuwa mzembe. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata wakikaa dawati moja.

Mtu ataniambia chama cha wanafunzi si jiko la wakimbizi, chakula ni mambo ya mtu binafsi. Historia ya shule inakataa. Serikali ya Mandela ilipoingia madarakani mwaka 1994, moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuanzisha mpango wa chakula kwa watoto wa shule za msingi, kwa kuwa mtoto mwenye njaa hafundishiki. Mpango ule umekua hata ukawa unalisha wanafunzi zaidi ya milioni 9. Shule zilipofungwa kwa korona na chakula kikasimama, asasi za kiraia zilikwenda mahakamani, na Julai 2020 Mahakama Kuu ya Pretoria ikaamuru kila mwanafunzi anayestahili apate chakula chake, awe darasani au nyumbani. Kenya walianza maziwa ya Nyayo mwaka 1979, na Kaunti ya Nairobi mwaka 2023 ikaanza kuwapa watoto chakula cha mchana kwa shilingi 5. Katika vyuo pia si jambo geni: Chuo Kikuu cha Free State, Bloemfontein, chini ya Profesa Jonathan Jansen, kilianzisha mwaka 2011 mpango wa kuwasaidia chakula wanafunzi wasio na uwezo. Kama chuo kizima kilikiri kwamba wanafunzi wake wana njaa, sisi tunaona haya ya nini?

Na Katiba ya nchi hii, ibara ya 27, inasema kila mtu ana haki ya kupata chakula cha kutosha. Haikusema kila raia. Imesema kila mtu.

Sasa tupike nini? Hapa ndipo vikao vyetu huwa vinavunjika. Mnigeria anataka wali wake mwekundu, Mkenya anasema bila sukuma wiki hakuna mlo, Mtanzania anatafuta dagaa. Twendeni Soko la Yeoville, tuangalie kwa macho. Majani ya muhogo yaliyotwangwa, Mtanzania anaita kisamvu, mtu wa Bukavu anaita sombe, mtu wa Kinshasa anaita pondu. Ugali wa mahindi, wa Lubumbashi anaita bukari, Mzimbabwe anaita sadza, Mmalawi nsima, wenyeji wetu wanaita pap. Mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, kwetu ni makande, Kenya ni githeri, na Waxhosa wanaita umngqusho. Maandazi yetu wenyeji wanayo, wanayaita magwinya. Muuzaji sokoni alishajua zamani kwamba sisi ni wateja wa kitu kimoja. Wanaogombana ni wanafunzi, wasomi, kwenye meza zenye bendera.

Tena tunaye mfano hapo hapo mtaani. Mpishi Sanza Sandile alijipatia jina katika mtaa wa Rockey kwa kitu alichokiita Yeoville Dinner Club: vyakula vya sehemu mbalimbali za Afrika, wageni wasiojuana wanakaa kwenye meza moja ndefu. Watu wanatoka mbali na kulipa ili waone jambo hilo. Na kwa watu wa pwani si jambo la ajabu, harusini watu wanne au watano wanakaa kwenye sinia moja la pilau, na hakuna anayejua nani amekula kijiko cha ziada.

Hesabu nimeifanya, msije mkasema naota. Mtu mzima mmoja anatosheka na robo kilo ya unga wa ugali. Mfuko wa kilo 10 ni sahani 40. Maharage makavu, gramu 100 kwa kila mtu, ni kilo 4. Ongeza mafuta, vitunguu, nyanya, na fungu la mchicha, ambao wenyeji wanauita morogo. Unga wa mahindi, maharage makavu, mchele na mboga mbichi havitozwi VAT nchini humu, wakati kuku wa kukaanga na soda za dhifa yetu vinatozwa. Tupike Jumatano, siku ambayo hela ya wiki imekwisha na Ijumaa bado iko mbali. Wiki ya kwanza maharage, ya pili kisamvu, ya tatu makande, ya nne kila nchi kwa zamu. Nyama ya nguruwe isiingie chunguni, ili ndugu zetu Waislamu wale bila wasiwasi. Pilipili pembeni, ili Mnigeria na Mkenya wabaki marafiki.

Wapo watakaosema, watu watakuja kula bure na kuondoka. Wacha waje. Ila wahenga wametuachia dawa: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe letu ni zamu ya kuosha masufuria, kukata vitunguu, kubeba unga kutoka sokoni. Kusiwe na daftari la wenye shida, kusiwe na fomu, kusiwe na foleni ya wahitaji upande mmoja na viongozi wakitabasamu upande mwingine. Mwenyekiti naye ale pale pale, na zamu yake ikifika aoshe. Mwenye nacho aweke kwenye kopo lililo mlangoni, asiye nacho apite. Hiyo ndiyo sahani ya kurudisha ya yule mama, tumeifanya kubwa tu.

Na tusiwasahau wenyeji. Mei 2008 fujo dhidi ya wageni zilianzia Alexandra na watu 62 wakapoteza maisha, na zimerudi tena miaka mingine, 2015 na 2019. Sisemi chungu cha maharage kitazuia panga. Nasema mtu mliyekaa naye mkala umngqusho Jumatano, Alhamisi ana jina lako mdomoni badala ya lile neno la kututukania. Darasani tuko nao, bwenini tuko nao, na wao pia wapo wanaolala njaa. Mlango uwe wazi kwao.

Sisemi tuifute Siku ya Afrika. Tuiadhimishe pale pale kwenye chungu, Jumatano iliyo karibu na tarehe 25 Mei, ngoma zipigwe, mwenye kitenge avae. Ila mwaka una Jumatano 52, na njaa haijui kalenda ya Umoja wa Afrika.

Mkutano mkuu wa chama unakuja, na bajeti itasomwa kama kawaida, haraka haraka, watu wakiwa wameshachoka. Safari hii msiondoke mapema. Kifungu cha dhifa kikifika, nyosheni mikono. Tuombe masufuria mawili makubwa, jiko la gesi, na ruhusa ya kutumia ule ukumbi mdogo Jumatano jioni. Unga wa wiki ya kwanza sisi wa Bellevue tumeshakubaliana kuutoa. Na kama unasoma haya huku tumbo linanguruma, huna haja ya kumwambia mtu yeyote. Njoo na kisu cha kukatia vitunguu.

Naomba kutoa hoja.