Mwezi Umpe Mtoto Jina, Usimpe Hukumu

Katika familia nyingi za Kihindi mjini Kampala, hasa zenye asili ya Gujarat, mtoto hapati jina kabla Mwezi haujaulizwa. Panditi huchukua siku, saa na mahali pa kuzaliwa, akaangalia Mwezi ulisimama katika rashi (buruji) ipi kati ya 12 na nakshatra (kituo cha Mwezi) ipi kati ya 27. Kisha shangazi wa upande wa baba, wanayemwita foi, hutamka jina lenye herufi ya rashi hiyo. Rashi ya Simba, kwa mfano, huita M au T. Msomaji Mganda hapo atakuwa ameshamwona ssenga wake. Mpaka hatua hii sina ugomvi na mtu. Ugomvi unaanza pale Mwezi uleule unapotakiwa kutoa hukumu: huyu atakuwa na akili, yule mkaidi, wa tatu amemletea baba yake mkosi. Hoja ya toleo hili, linalohaririwa hapa Makindye, ni kwamba kazi hizo mbili hazilingani, na ya pili Mwezi hauiwezi.

Tuanze na saa, maana bila saa panditi hana pa kushika. Kwetu siku huhesabiwa kuanzia asubuhi: saa mbili ya Mswahili, ssaawa bbiri ya Mganda, kwenye karatasi ya hospitali ni 8. Tangu mtawa Mama Kevin, mwanzilishi wa hospitali ya Nsambya, na masista wenzake walipofika huko mwaka 1903, watoto wa upande huu wa mji wamekuwa wakizaliwa kwa saa mbili tofauti, moja ya kalamu na moja ya kumbukumbu ya bibi, na kati yao kuna pengo la saa sita. Ndani ya muda huo Mwezi husogea nyuzi 3 na kitu, yaani karibu robo kamili ya nakshatra. Si jambo dogo. Unajimu wa Kihindi huugawa umri wa mtu katika vipindi vya sayari vinavyojumlisha miaka 120, na mwanzo wa hesabu ni sehemu ya nakshatra ambayo Mwezi umekwisha kuipita. Aliyezaliwa katika nakshatra ya Zuhura, yenye miaka 20, akikosewa saa kwa namna hiyo, ratiba yote ya maisha yake inahama kwa takriban miaka 5. Atakayesema panditi makini huuliza saa mara mbili amesema kweli, na wapo mapanditi wa namna hiyo.

Basi tuseme saa ni sahihi. Huko Pune, India, mwanafizikia wa anga Jayant Narlikar na wenzake walikusanya nyota za watoto 200: 100 waliong'ara shuleni na 100 wenye ulemavu wa akili. Wanajimu 27 (sadfa tu, idadi ya nakshatra) walipewa kila mmoja nyota 40 wazitenge. Kwa wastani walipata asilimia 46, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009. Kundi jingine lililochambua zote 200 lilipatia 102. Ukirusha sarafu utafika hapohapo. Inaweza kudaiwa kwamba jaribio moja halitoshi, au kwamba unajimu husoma tabia wala si akili. Lakini swali la kama mtoto ataweza masomo ndilo wazazi humpelekea panditi, naye hulijibu.

Pingamizi linalovutia zaidi ni la bahari. Kama Mwezi unayapwesha na kuyajaza maji ya Mombasa, utamshindwaje mtoto mchanga? Nguvu hiyo, hata hivyo, hutegemea umbali wa Mwezi na ulivyokaa na Jua. Nyota zilizo nyuma yake haziongezi wala hazipunguzi kitu, ilhali rashi ni habari ya nyota hizo tu. Tena hapa Ggaba, ukingoni mwa ziwa, mvuvi hapangi safari yake kwa kupwa na kujaa.

Wengine watasema ni faraja, haimdhuru mtu. Ingekuwa hivyo kama nyota zote zingefariji. Nakshatra 6 kati ya 27 huhesabiwa kuwa nzito kwa mzaliwa, na katika baadhi ya nyumba baba haruhusiwi kumtazama mwanawe mpaka Mwezi urudi pale pale, siku ya 27, na ibada ya kutuliza ifanyike. Hiyo ni zaidi ya sehemu moja kwa tano ya watoto wote duniani, walioanza maisha kwa kushukiwa.

Nasi wengine tusiwacheke. Wataalamu wetu wa falaki huko Pwani huhesabu manazili 28 za Mwezi, siyo 27, na wengi wao wakitaka nyota ya mtoto huenda kinyumenyume: huchukua jina lake na la mama yake, wakageuza herufi kuwa tarakimu kwa abjadi, ndipo nyota itokee. Kwa Mhindi nyota huzaa jina; kwa Mswahili jina huzaa nyota. Watoto wawili waliozaliwa usiku mmoja katika wodi moja, mmoja akapelekwa kwa panditi na mwenziwe kwa shehe, watarudi nyumbani na tabia mbili zilizosomwa chini ya Mwezi mmoja.