Jicho likizima ghafla, si la matone

Mjomba wangu alikuwa akinywa chai jicho lake la kulia lilipozima, kama pazia limeshushwa. Baada ya dakika kumi likaona tena. Tukamnunulia dawa ya matone, tukamtania kuwa uzee umebisha hodi. Siku tisa baadaye akapigwa na kiharusi. Mpaka leo mkono wake wa kushoto haushiki kikombe.

Mshipa unaolisha jicho ni tawi la ule wa shingoni unaopeleka damu kwenye ubongo. Kibonge kinachopita jichoni leo, kesho chaweza kuziba ubongo. Utafiti wa Marekani wa 1995 ulionyesha kuwa dawa ya kuyeyusha vibonge husaidia ikitolewa ndani ya saa tatu. Wa Ulaya wa 2008 ukasogeza hadi nne na nusu. Na lazima kichwa kipigwe picha kwanza, maana kama damu imevuja, dawa hiyo yaweza kuua.

Ndugu msomaji, wa kijijini atafikaje? Ndiyo maana nasema kliniki za macho zisimrudishe mtu kama huyo nyumbani. Apimwe presha, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Duka lililotuuzia matone lilikuwa na mashine ya presha juu ya kaunta. Hakuna aliyeiulizia, nami nikiwemo.