Chombo cha Siri Angani na Macho ya Wananchi

Mtu akiwa Eldoret baina ya magharibi na isha, siku ambayo mbingu i safi, akiinua macho huenda akaona kijitaa kikipita kimya katikati ya nyota. Hakimeti wala hakivumi. Kwa dakika chache tu huwa kimekwisha vuka, au kimezimika ghafula mbingu ikiwa bado nyeupe kwa nyota. Watoto watauliza ni nini hicho, na wakubwa watatoa majibu kumi: ni ndege, ni kimondo, ni “jicho la Marekani.” Jibu hili la mwisho ndilo tunalotaka kulichambua leo. Si upuuzi mtupu, na wala si kweli tupu.

Kwanza tufahamu kwamba vingi vya vijitaa hivyo ni setilaiti za kawaida: za simu, za hali ya hewa, za kupiga picha za mashamba. Havina taa vyenyewe. Huku chini jua limekwisha kutua, lakini huko juu, kilomita mia kadhaa, bado linawaka na kuvimulika. Kikiingia katika kivuli cha dunia hupotea, na hapo ndipo watu husema kimezimwa.

Lakini kipo kimoja ambacho kimewasumbua watu wa mataifa mengi. Jina lake ni X-37B. Ni chombo kidogo chenye mabawa, urefu wake karibu mita 9, hakina rubani, hupandishwa kwa roketi na kurudi chini peke yake kama ndege itelemkayo uwanjani. Mradi wake ulianza mwaka 1999 chini ya NASA, shirika la kiraia, ukahamishiwa idara ya ulinzi mwaka 2004. Tangu hapo pazia likateremshwa. Safari ya kwanza, mwaka 2010, ilichukua siku 224. Safari ya sita, iliyokwisha Novemba 2022, ilichukua siku 908. Safari ya nane ilianza Agosti 2025.

Wenyewe Wamarekani wasema ni chombo cha majaribio tu, na kwa hakika baadhi ya majaribio wameyataja: mbegu zilizowekwa katika mionzi ya angani ili zichunguzwe, na kifaa cha kugeuza nguvu za jua ziwe mawimbi yanayoweza kupelekwa mbali. Lakini mengine hawayataji. Na penye kimya, uvumi hujenga nyumba. Wako waliosema ni silaha ya kurusha mabomu. Mwaka 2012 jarida moja la Uingereza lilidai kuwa kinakipeleleza kituo cha angani cha Wachina. Wataalamu wakapiga hesabu wakaona njia za vyombo hivyo viwili hupishana kwa kasi kubwa mno, hata kuchunguliana kusingewezekana. Tukumbuke pia kwamba sehemu yake ya mizigo haizidi ukubwa wa nyuma ya pikapu. Anayesema kimebeba maangamizi ya mji mzima, hapana budi aulizwe kayapakia wapi.

Wenyeji wa Eldoret si wageni wa mambo ya namna hii. Katika miaka ya 1990 kilijengwa huko kiwanda cha risasi kwa ushirikiano na kampuni ya Ubelgiji, na habari zake zikagubikwa. Zilipotoka magazetini mwaka 1996, wananchi waliuliza maswali ya haki: risasi hizo ni za nini, na zitauziwa nani? Leo kiwanda hicho ni shirika la serikali linalojulikana kwa jina. Hatusemi kwamba jeshi halina haki ya siri. Kila nyumba ina chumba kisichoingiwa na wageni. Tunalosema ni kwamba mwenye nyumba asiyetoa hata neno moja asishangae majirani wakisema mia.

Basi ukweli kuhusu X-37B ulipatikanaje? Hapa ndipo penye somo, na msomaji wa pwani atalielewa upesi kuliko wengine. Chombo kiliporushwa Aprili 2010 njia yake haikutangazwa. Haukupita hata mwezi mmoja na nusu, kikaonekana. Hakikuonwa na majasusi. Kilionwa na watu wanaotazama mbingu kwa mapenzi yao, mmoja yuko Cape Town, Afrika Kusini, na mwingine Kanada. Kila mmoja aliona kwake, kwa wakati wake, akaandika saa na mahali. Walipolinganisha, hesabu ikakubali: chombo kiko juu kiasi cha kilomita 400. Februari 2024 mtazamaji wa Finland alikipata tena katika safari ya saba, safari hii katika njia ndefu iliyokipeleka mbali zaidi ya kilomita 38,000.

Je, hii si ada yetu ya mwezi mwandamo? Usiku wa kuamkia tarehe thelathini hatukubali kauli ya “nimesikia umeonekana.” Tunauliza: nani kauona, wapi, saa ngapi, upande gani, na je, ni mtu wa kuaminika? Shahidi mmoja wa kweli hushinda maneno ya soko zima. Manahodha wetu nao walikijua Kilimia na nyota nyingine kama mtu ajuavyo vichochoro vya mtaa wake. Ajabu ni kwamba leo tunazo simu mikononi, na mbingu tumewaachia wengine.

Na mbingu hiyo yatuhusu. Eldoret iko kilomita kama 60 tu kaskazini ya ikweta, na kila chombo kinachozunguka dunia, kiwe cha siri au cha wazi, hakina njia ya kuikwepa ikweta. Mwaka 1976 nchi za ikweta, Kenya na Uganda zikiwamo, zilikutana Bogotá zikatangaza kuwa ule ukanda wa setilaiti ulio juu yao, karibu kilomita 36,000, ni mali yao. Dola kubwa zilikataa. Huku kwetu Ngomeni, karibu na Malindi, Waitalia walirusha roketi kutoka baharini, na mnamo 12 Desemba 1970 ilipaa setilaiti ya Wamarekani iliyopewa jina la Uhuru. Na mnamo 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye uzito wa kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga la Kenya likasema ni kipande cha roketi. Nashukuru hakuna aliyeumia. Lakini aliyesimama chini ya mwembe mbovu ana haki ya kujua ni wa nani.

Mkataba wa mwaka 1967 umekataza kuweka silaha za nyuklia angani, lakini haukukataza vyombo vya kijeshi, wala haukumlazimu mwenye chombo kusema kimebeba nini. Uchina nayo imekwisha rusha chombo chake cha namna hiyo, tangu mwaka 2020, na kimya chake ni kizito vilevile. Fahali wawili wamekwisha ingia zizini.

Kwa hiyo mtoto akiuliza juu ya kijitaa kile, asijibiwe kwa kubahatisha, na wala asikemewe. Apewe daftari aandike saa, upande na mwendo wake. Kesho atazame tena, na amuulize mwenzake wa Lamu au Mombasa naye kaona nini. Wakubwa wana siri zao, lakini hakuna aliyeweza bado kuifunika mbingu kwa kanga.